Je, sindano ya kisukari inakinga mwili dhidi ya kemikali za plastiki?

Shangazi yangu wa Tanga alinitumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao bila shaka ulikuwa umeshapita kwenye makundi mengi kabla ya kumfikia. Mwanamke anayezungumza humo anasema watafiti wamegundua kwamba ile sindano ya kisukari, ya jamii ya Ozempic na si insulini, ambayo wenye uwezo wanaitumia kupunguza mwili, "inafua plastiki" kutoka kwenye damu. Shangazi anaishi na kisukari aina ya pili mwaka wa tisa sasa, na binti yake ana mimba ya miezi mitano. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, hii ni kweli? Na kama ni kweli, tumtafutie na huyu?"

Sikuweza kumjibu kwa ndiyo wala hapana. Ule ujumbe umefunga mambo matatu kwenye furushi moja: kemikali za plastiki zinaufanya nini mwili, sindano inafanya nini, na viwili hivyo vinakutana wapi. Kila kimoja kina ukweli wake. Uongo umeingia pale vilipofungwa pamoja.

Tuanze na plastiki yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Chembechembe za plastiki ambazo siku hizi zinatajwa sana ni vipande vidogo vya plastiki yenyewe, vilivyosagika. Kemikali za plastiki ni kitu kingine. Hizi ni viungo vinavyotiwa kiwandani, kama iliki na mdalasini kwenye pilau: kimoja cha kuifanya ngumu, kingine cha kuilainisha, kingine cha rangi. Baadhi havishikamani sawasawa na plastiki, na ikikutana na joto, mafuta, au kitu chenye uchachu kama nyanya, vinatoka na kuingia kwenye chakula. Makala haya yanahusu viungo hivyo, hasa kimoja kiitwacho bisifenoli A, ambacho dunia nzima hukiandika kwa kifupi BPA. Ndiyo inayotumika kutengeneza polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo baadhi ya madumu makubwa ya maji ya ofisini yametengenezwa nayo. Imetumika pia kwenye utando unaopakwa ndani ya makopo ya vyakula, na kwenye karatasi za risiti zinazochapwa kwa joto. Nyingine ni thaleti, kundi la kemikali zinazolainisha plastiki ya PVC, kama ile ya mipira ya maji.

Kemikali inayopiga hodi kwa sauti ya ndugu

BPA si ngeni. Mkemia Mrusi Aleksandr Dianin aliitengeneza mwaka 1891. Mwaka 1936, huko London, Charles Dodds alikuwa akitafuta dawa ya kufanya kazi ya estrojeni, akaona BPA inaiga homoni hiyo, ingawa kwa udhaifu. Hatimaye zilichaguliwa dawa nyingine zenye nguvu zaidi. Miaka ya 1950 viwanda vikaichukua kutengenezea polikaboneti. Kwa maneno mengine, ilijulikana kuwa inaiga homoni zaidi ya miaka 15 kabla haijaingia jikoni kwetu. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Kuiga homoni maana yake nini? Homoni ni wajumbe wanaosafiri kwenye damu. Estrojeni ikifika kwenye seli hupiga hodi, na seli yenye kipokezi chake hufungua. BPA ni mgeni mwenye sauti inayofanana na ya ndugu. Haifanani kabisa, lakini inatosha kumfanya aliye ndani aseme karibu. Milango hiyo ipo kwa wanawake na wanaume, na haiko kwenye viungo vya uzazi pekee. Ipo kwenye kongosho, kwenye ini, na kwenye seli za mafuta, sehemu zinazosimamia umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuweka akiba.

Mwaka 2006 kikundi cha watafiti nchini Hispania, akiwemo Angel Nadal, kilionyesha kwamba panya dume waliopewa BPA kwa siku 4 tu walipata usugu wa insulini. Huo ndio mwanzo wa kisukari aina ya pili: insulini inagonga ili sukari iingie kwenye seli, seli hazifungui haraka kama zamani, kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na mwishowe linachoka. Mwaka huohuo, Felix Grün na Bruce Blumberg wa California wakatunga jina la kemikali zinazouelekeza mwili kuweka mafuta: obesojeni.

Kwa binadamu ushahidi ni wa aina nyingine. Marekani ilipopima mikojo ya watu 2,517 iliyokusanywa mwaka 2003 na 2004, BPA ilionekana kwa asilimia 93 kati yao. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, wa watu wazima 1,455 kutoka kwenye vipimo hivyo, ulikuta kwamba wenye BPA nyingi zaidi walikuwa na kisukari na magonjwa ya moyo zaidi. Lakini anayekula sana vyakula vya makopo huenda pia anakunywa soda nyingi na kutembea kidogo. Vitu viwili kuonekana pamoja hakutoshi kusema kimoja kimemzaa mwenzake. Anayekuambia kitambi chako chote ni cha plastiki amevuka ushahidi, na anayesema plastiki haihusiki kabisa naye amevuka.

Wakubwa wa sayansi wenyewe hawajakubaliana kuhusu kiwango. Aprili 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliteremsha kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila hofu, kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake (mikrogramu moja ni nanogramu elfu moja). Hiyo ni pungufu mara 20,000. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za aina hii ilipinga hesabu hiyo na kutoa yake, nanogramu 200. Tofauti kati ya hao wawili ni mara elfu moja. Hata hivyo Desemba 2024 Tume ya Ulaya ilipitisha marufuku ya BPA kwenye vifaa vinavyogusa chakula, ikavipa viwanda muda wa kubadilika.

Mjumbe wa dakika mbili

Sasa sindano. Dawa hizi ni peptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani vipande vilevile vinavyojenga protini. Ukifikiria protini kama mkufu mrefu uliojikunja, peptidi ni bangili. Insulini yenyewe ni peptidi ya asidi amino 51, na imeanza kuokoa wagonjwa tangu Januari 1922 huko Toronto. Peptidi nyingi hudungwa kwa sababu ukizimeza, tumbo linazimeng'enya kama kipande cha nyama. Vipo vidonge vya peptidi, lakini vimehitaji ufundi wa ziada.

Peptidi inayotuhusu inaitwa GLP-1, na mwili wako unaitengeneza. Chakula kikifika kwenye utumbo, seli za utumbo huitoa ili ipeleke habari. Kwa kongosho inasema: sukari inapanda, toa insulini. Kwa tumbo: usiharakishe kumwaga. Kwa ubongo: tumeshiba. Tatizo ni kwamba mjumbe huyu anadumu dakika 2 hivi kabla kimeng'enya kimoja hakijamkatakata.

Jibu lilianzia kwa mjusi. Mwaka 1992 daktari John Eng, aliyekuwa akifanya kazi Bronx, New York, alipata ndani ya sumu ya mjusi mkubwa wa jangwa aitwaye Gila peptidi inayofanana na GLP-1 lakini isiyokatwa haraka. Kutoka hapo ikaja dawa ya eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Ikafuata liraglutidi, ya kudunga kila siku, kisha semaglutidi, ambayo nusu yake hubaki mwilini kwa takribani wiki nzima, kwa hiyo inadungwa mara moja kwa wiki. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye Ozempic.

Nguvu yake si ya kubuniwa. Katika jaribio la watu 1,961 lililochapishwa mwaka 2021, waliodungwa semaglutidi walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito katika wiki 68, na waliodungwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili ya uzito uliopotea ilikuwa imerudi.

Panya kwenye vizimba

Wapi basi plastiki na sindano vinakutana? Tazama orodha ya madhara ambayo BPA imeonekana kuyaleta kwa wanyama: usugu wa insulini, mafuta kwenye ini, kuvimba kwa tishu za ndani, kongosho lililoelemewa. Kisha tazama kazi za dawa za GLP-1: zinapunguza usugu wa insulini, zinapunguza mafuta ya ini, zinalipumzisha kongosho. Mtafiti yeyote angejiuliza kama ya pili inaweza kuziba pengo la ya kwanza. Ni swali zuri, na limejaribiwa kwa panya wa maabara.

Majaribio ya aina hii hupangwa hivi. Panya wanagawanywa makundi manne: wasiopewa kitu, waliopewa BPA peke yake, waliopewa BPA pamoja na dawa, na waliopewa dawa peke yake. Baada ya wiki kadhaa wanapimwa sukari, insulini na ini. Kundi la tatu likifanana zaidi na la kwanza kuliko la pili, watafiti huandika kwamba dawa "imekinga". Neno hilo likitoka maabara kuja kwenye simu linageuka kuwa "imefua".

Mimi nikisoma utafiti kama huu natafuta kundi la tano. Dawa hizi zinaua hamu ya kula. Panya aliyedungwa anakula kidogo, na panya anayekula kidogo atakuwa na sukari nzuri na ini safi hata kama hakuna dawa. Ili kujua ni nini hasa kilichomsaidia, lazima wawepo panya waliopewa BPA bila dawa, lakini wanaopimiwa chakula sawasawa na kile walichokula wenzao waliodungwa. Bila kundi hilo huwezi kujua kama dawa imepambana na athari za BPA au imepunguza sahani tu. Kuna na mengine. Panya mara nyingi hupewa BPA nyingi kuliko anayoipata mtu kwenye chakula. Na katika majaribio ya kinga dawa mara nyingi huanza pamoja na sumu, wakati shangazi yangu amekula na kunywa kwenye plastiki miaka 40 kabla ya kuisikia sindano.

Jambo kubwa ni hili: hata pale panya alipokingwa, BPA haikuondolewa. Iliendelea kuingia, iliendelea kupiga hodi, na milango iliendelea kufunguka. Dawa ilisaidia upande wa pili, kwenye sukari na mafuta, pale madhara yalipojitokeza. Ni kama beseni chini ya bati linalovuja. Godoro halilowi, na hilo ni jema, lakini tundu liko palepale. Na dawa hizi hazijaidhinishwa kwa kazi ya kukinga mtu dhidi ya kemikali za plastiki.

Kuhusu kufua, mwili unafua wenyewe. Ini huifunga BPA kwenye aina ya sukari, figo zikaitoa kwa mkojo, na sehemu kubwa inakuwa imetoka ndani ya siku moja. Inaonekana kwenye mikojo ya karibu kila mtu kwa sababu kila siku tunaingiza nyingine. Kwa hiyo chai na dawa za kienyeji za "kutoa sumu ya plastiki" zinamuuzia mtu kazi ambayo figo zake zinaifanya bure. Mwaka 2011 familia 5 za eneo la San Francisco, watu 20 kwa jumla, zililetewa kwa siku 3 chakula kilichopikwa kwa mazao mabichi bila kupitia makopo wala vifungashio vya plastiki. BPA kwenye mikojo yao ilishuka kwa wastani wa asilimia 66. Mwaka huohuo watu 75 walikunywa supu ya kopo kila siku kwa siku 5, na BPA yao ikapanda zaidi ya asilimia 1,000 ikilinganishwa na siku walizokunywa supu ya kupikwa. Siku tatu zinashusha, siku tano zinapandisha. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote niliyosoma.

Plastiki zote si moja

Ndani ya ule ujumbe kulikuwa na onyo pia kwamba chupa za maji za dukani zina BPA. Chupa hizo kwa kawaida ni za PET, namba 1 ndani ya pembetatu iliyo kwenye kitako, na PET haitengenezwi kwa BPA. Polikaboneti huwa kwenye namba 7, kundi la "nyinginezo". PVC ni namba 3. Geuza chombo usome.

Maandishi ya "haina BPA" nayo yanahitaji macho mawili. Mara nyingi kiwanda kimeitoa BPA na kuweka ndugu yake, BPS au BPF, ambao nao wameonyesha kuiga homoni. Tumemfukuza mgeni na binamu yake amekaa sebuleni.

Uchakavu wa chombo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1998, kwenye maabara ya Patricia Hunt huko Ohio, mayai ya panya ambao hawakupewa kitu chochote ghafla yakaanza kuonyesha kasoro nyingi za kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli. Baada ya kutafuta sana, ikajulikana kwamba vizimba na chupa zao za polikaboneti vilioshwa kwa sabuni kali ya sakafu, plastiki ikaliwa, BPA ikavuja. Hakuna aliyekuwa anachunguza BPA. Kosa la kuosha vyombo ndilo lililoifichua. Dumu la polikaboneti lililopauka na kujaa mikwaruzo limekwisha kazi yake ya kubeba maji ya kunywa.

Na huyu mjamzito?

Nimefika kwenye sehemu ya pili ya swali la shangazi, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. BPA inavuka kondo la nyuma na imepatikana kwenye damu ya kitovu. Ini la mtoto aliye tumboni, hata la mchanga aliyezaliwa jana, bado halijakomaa kuifunga na kuitoa kama ini la mtu mzima. Mwaka 2010 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba panya waliopewa BPA wakiwa na mimba walivurugika sukari wao wenyewe, na watoto wao dume walivurugika pia walipokua. Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu wa kukingwa kwanza, ni yule aliye tumboni.

Na ni yeye ambaye sindano haiwezi kumfikia. Dawa hizi hazipewi mjamzito. Mwanamke anayetumia semaglutidi hushauriwa kuacha angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mimba, kwa kuwa inachelewa kutoka mwilini. Nilimpigia shangazi simu hapohapo kumwambia: binti asitafutiwe sindano yoyote. Yeye mwenyewe, kwa kisukari chake, anaweza kumuuliza daktari wake wa kliniki kuhusu dawa hizi kwa kazi zilizothibitishwa, na Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza baadhi kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari wa aina fulani. Ila asiache dawa alizonazo, na asinunue kwa mtu wa mtandaoni. Juni 2024 shirika hilohilo lilitoa onyo rasmi kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Hata dawa halisi ina kichefuchefu, kutapika, na mara chache kongosho kuvimba, mambo yanayotaka daktari awe karibu.

Akaniuliza: "Sasa sisi hapa nyumbani tufanye nini?"

Nikamuuliza anapika wali vipi siku hizi. Zamani alikuwa anapalia: wali ukikaukia maji, anafunika sufuria na kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko. Tangu ahamie kwenye gesi hana makaa, kwa hiyo anatandaza nailoni juu ya wali kisha anafunika, mvuke usitoke. Jikoni nyingi za kwetu zinafanya hivyo. Nailoni ile kwa kawaida ni polithini, ambayo haitengenezwi kwa BPA, na nilimwambia hivyo ili asiogope wali wote aliowahi kula. Lakini mfuko wa kufungia mkate haukutengenezwa kukaa nusu saa kwenye mvuke, na hakuna anayejua kiwanda kimetia viungo gani vingine wala kama umetokana na plastiki iliyosagwa upya. Vivyo hivyo supu ya moto kwenye mfuko, uji unaochemka kwenye kikombe cha plastiki, chipsi zinazotoka kwenye mafuta na kumwagwa kwenye nailoni. Moto na mafuta ndivyo vinavyoichokonoa plastiki. Unga mkavu kwenye ndoo si wa kumnyima mtu usingizi.

Tukakubaliana machache: chakula cha moto kiingie kwenye bati, udongo, kioo au chuma, nyanya zitoke sokoni badala ya kopo mpaka binti ajifungue, dumu lililopauka liwe la maji ya kufulia.

Jumamosi akanitumia picha. Sufuria iko juu ya gesi, na chini ya mfuniko, badala ya nailoni, ametandika jani la mgomba. Limepasuka katikati, mvuke unatokea hapo, kwa sababu hakulibabua motoni kwanza. Jumapili akalibabua.